Niliposhuka Baiskeli Bugarama

Mdogo wangu Kabula,

Hujambo huko Kilosa? Jana nilishiriki mbio za baiskeli za wazee, kwa kuwa zilipita Bugarama na nilitaka kuliona kaburi la mama. Nilishuka pale tulipomzika kando ya zizi kabla hatujahama, nikakuta shamba la pamba tu. Mwanamke aliyekuwa akipalilia akacheka, "Shikamoo babu! Wenzako wameshapita, au umekuja kunisaidia kupalilia?"

Nikamwuliza habari za kaburi. Akaacha kucheka. "Hapa hapajawahi kukaa mtu, babu."

Nilifika wa mwisho. Watu walinipigia makofi, wakidhani nalia kwa uchovu.

Jitunze sana, mdogo wangu. Tumebaki wawili tu tunaojua kwamba mama aliishi pale.

Kaka yako,
Masanja