Usimsubiri Kwenye Kona

Mke wangu,

Shikamoo. Najua ungekuwepo ungenisuta kwamba mume gani anamwamkia mkewe. Ulianza kuniita mume nikiwa natambaa, nami nikakuita mke mpaka siku ulipokufa, na majirani wakacheka kila siku kama ndiyo kwanza wanasikia. Lakini leo nakuamkia kwa adabu, kama mjukuu. Nina shida.

Kwanza habari za nyumbani. Kitanda chako analalia Mama. Jiko lako la mkaa lililopasuka bado linapika maharage, ingawa anayeyaunga sasa ni mimi, na yanalika. Nauza makava ya simu Mtaa wa Kongo. Usicheke. Kuna dada alinunua kava na simu hana, kwa maneno yangu tu! Na kama huko wanauliza, waambie kidato cha pili nilikiacha mwenyewe, sikufukuzwa.

Kazi yako nimeirithi. Kila asubuhi mimi ndiye ninayempeleka mdogo wangu Zuhura chekechea, Magomeni mpaka Kariakoo kwa miguu, kama mlivyokuwa mkienda nyinyi wawili. Mama anaondoka alfajiri kuwahi cherehani yake, na kwenye basi la saa moja mtoto wa miaka minne atashuka amekuwa chapati. Nikajua ni kazi ya kitoto. Mke wangu, nilikudharau. Siku ya kwanza alikaa chini kabla hatujafika daraja la Jangwani. Alikaa kabisa, na sketi yake ya shule, akasema miguu yake imelala. Nikaimba. Nikatembea kinyumenyume. Nikamwambia tuhesabu bajaji. Akafika saba, akarudi moja, akachoka. Nikambeba mabegani mpaka Msimbazi, na wapiga debe wakaniita punda wa Zuhura. Shingo iliniuma siku mbili.

Wewe ulikuwa unafanyaje? Nakumbuka vipande vya kashata ulivyovifunga kwenye pindo la kanga, ukimpa kimoja kimoja njiani. Nilijaribu. Alivila vyote darajani, akakaa chini tena.

Ndipo akili yangu kubwa ikafanya kazi.

Unajua hatukumwambia. Siku ya msiba alipelekwa kwa jirani, na aliporudi wakubwa wakamwambia Bibi kasafiri, kaenda Lindi. Basi asubuhi moja kakaa chini, nami nimechelewa, nikapaza sauti: "Ee! Si Somo wako yule? Kakata kona ile, na kanga ya njano. Wahi!" Maana nyinyi mliitana Somo, mlivyokuwa na jina moja.

Aliruka, mke wangu. Alikimbia mpaka nikawa mimi ninayesema ningoje. Kwenye kona hakuna mtu, nikamwambia, "Ah, kashaingia ya pili. Unamjua Somo wako na haraka zake." Tulifika kabla geti halijafunguliwa. Nikajiona profesa. Wiki mbili nilitamba, nikamwambia hata Mama kwamba mtoto hatembezwi kwa nguvu, anatembezwa kwa akili. Sikumwambia akili gani.

Wiki ya tatu sikuhitaji tena kusema chochote. Yeye ndiye alianza kunionyesha mimi.

"Somo yule," anasema, bila kushangaa, kama mtu anayeonyesha paka. Anasimama mbele ya ukuta mtupu, anasema, "Shikamoo." Ananyamaza kidogo, muda uleule wa mtu kuitikia marahaba. Halafu anatikisa kichwa na tunaendelea. Nilicheka. Nikamtania, "Kavaa nini leo?"

"Ile ya bluu," akasema. "Imelowa."

Ile ya bluu ndiyo tuliyoitandaza juu ya jeneza lako. Mvua ikaipiga njia nzima mpaka makaburini, na Mama akaitoa sadaka siku ileile. Zuhura alikuwa kwa jirani.

Sikumtania tena. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko ninakokuungamia. Kwa sababu alikuwa anatembea! Hakai chini, halii, anatangulia mbele anatabasamu, na mimi nawahi biashara yangu. Siku moja alinivuta kwenye uchochoro nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, njia ambayo sijawahi kuipita. Kuna mzee anashona viatu pale, macho yake yana ukungu.

"Leo mmechelewa," akatuambia. "Bibi yenu kashapita."

"Babu, amepita nani?"

"Bibi yenu, wewe kijana! Kanisalimia tu, hakusimama."

Nikasema huyu mzee haoni vizuri. Nilisema hivyo mpaka geti la chekechea, moyoni, kama mtu anayehesabu.

Halafu Jumanne ya mvua. Bonde la Jangwani lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai yamepanda hadi pembeni mwa barabara, watu wamesimama wanatazama. Vijana wa bodaboda wakanichokoza, nami unanijua, nikageuka kuwajibu. Jibu moja tu. Mkono wangu ukawa mtupu.

Alikuwa anashuka kuelekea kwenye maji. Hakimbii. Anatembea vizuri, wima, kama tulivyomzoesha. Maji yalikuwa yamemfika magotini nilipomdaka kwa mkanda wa begi. Aliniuma mkono, bado pana alama. "Niache! Somo ananiita! Anavuka peke yake!"

Nilimkalisha kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Nikamwambia. Nilisema, "Zuhura, nilikudanganya. Somo hakwenda Lindi. Somo amekufa. Mimi mwenyewe nilikuwa kaburini, nilimpokea kwa mikono hii. Kule kwenye kona hakuwepo, nilisema tu ili utembee."

Hakulia. Alinitazama, akatazama ng'ambo ya maji, akanitazama tena.

"Sasa yule ni nani?"

Mke wangu, mimi ninayeuza kava kwa asiye na simu, niliinama nikaanza kumkamua sketi.

Tangu siku ile namshika kifundo cha mkono, si vidole. Haelekezi kidole tena. Ila tukifika kona anapunguza mwendo, na mimi napunguza, na hakuna anayemwambia mwenzake kwa nini.

Mama nimemweleza yote. Alinizaba kofi, kisha akalia. Tumekubaliana Ijumaa namleta makaburini, aone ulipo, amwage maji kwa mkono wake, ajue Bibi ana mahali pake na si barabarani. Nakuahidi sitamdanganya tena hata kwa jambo dogo. Akichoka tutapumzika, tukichelewa tutachelewa.

Nawe nisamehe. Nilikuita kwa mzaha, asubuhi baada ya asubuhi, na labda wewe ulidhani unahitajika. Kama ni wewe, pumzika, mtoto ana mtu wa kumshika. Kama si wewe, basi mwambie huyo aliyevaa kanga yako kwamba nimemwona.

Kwaheri, kipenzi changu. Ijumaa Zuhura atakuita jina, namjua, ataita kwa sauti kubwa mpaka watu wageuke. Mwache aite. Usiitike.

Mimi, mumeo.