Mama Hakushika Msahafu

Mambrui, Jumanne, mwezi wa tano, 1985

Mvua imeanza tangu alfajiri na paa linavuja palepale pa siku zote. Nimetega sufuria chini, nimekaa kuandika. Nina hasira na mama yangu, na kumkasirikia mama ni jambo zito. Ndiyo maana naandika hapa, simwambii mtu.

Leo tulikwenda shuleni kusikilizwa, sisi tuliotoka kaskazini wakati wa mashifta, wale wenye bunduki waliovamia vijiji. Tuliacha mashamba na nyumba tukaja huku na nguo za mwilini, na miaka yote hii bado tunaitwa wageni. Sasa serikali imetuma afisa. Mwenye kuthibitisha kuwa alikuwa na shamba kule atapewa ardhi badala yake, upande wa Ganda. Kurudi kwetu, amesema, bado si salama.

Ardhi hiyo tunaihitaji mno. Nyumba hii ni yetu, lakini kiwanja ni cha mtu, na mwenyewe ameshatuambia kwa upole kwamba anakiuza. Ramadhani ikisha, tutafute pa kwenda. Mama atahamishwa mara ya pili, na safari hii hana miguu ya kukimbia.

Hati hatuna. Nani kule alikuwa na hati? Shamba lilijulikana kwa aliyelipanda. Afisa, kijana wa bara mwenye adabu zake, akaona njia nyepesi: kila mtu aape. Aliazima msahafu madrasa, akauweka mezani juu ya kitambaa safi. Watu wakapita mmoja mmoja. Wengine waliapa upesi mpaka nikashangaa, maana yumo mmoja ninayemjua vizuri, kwao hawakuwahi kupanda hata muhogo.

Ikafika zamu ya mama. Alikuwa na udhu, maji nilimmiminia mimi mwenyewe.

"Mama, weka mkono hapa," afisa akamwambia. "Taja mipaka ya shamba lako, useme Wallahi. Basi."

Mama aliutazama ule msahafu, akarudisha mikono ndani ya buibui.

"Siwezi, mwanangu."

Akaeleza, taratibu kama anavyoeleza kila kitu, kwamba upande wa kisimani tulipakana na Mzee Bakari, Mungu amrehemu, na minazi iliyokuwa pale katikati haikujulikana ni ya nani. Wakiangua pamoja, wakigawana pamoja. Sasa akiapa kuwa ni yake, huenda anakula haki ya marehemu. Akiapa kuwa si yake, huenda anawadhulumu wanawe. Basi hataapa kabisa.

Afisa hakumwelewa. Kwao labda mkweli huapa na mwongo hukataa. Kwetu, mtu anayemcha Mungu huogopa yamini hata akiwa na haki yake, na mama kalelewa hivyo. Niliuona uso wa yule kijana ukibadilika, nikajua ameshamtia mama katika kundi la waongo. Akaita mwingine.

Njiani nilimfokea. Nilimwambia minazi ya marehemu ndiyo itakayotukosesha pa kulala, na kwamba ucha Mungu wake utatulaza barabarani. Watu walitusikia. Tulipofika mlangoni akanigeukia.

"Afisa kasema hata mtoto wa mwenye shamba aweza kuapa," akaniambia. "Nawe ulikuwako. Ikiwa una yakini, nenda kesho. Mimi sitakuzuia."

Nilifurahi, nisijidanganye. Nikajilaza kitandani nianze kulikumbuka shamba, nijiandae. Minazi nikaiona, kisima nikakiona, na mwembe alioupanda babu. Kisha nikashtuka. Kila ninachokiona kina sauti ya mama ndani yake. Nilikuwa mdogo. Sijui lipi nililiona kwa macho yangu na lipi nililisikia kwake tu, jioni baada ya jioni, tukishona kofia.

Kumbe alikuwa anaogopa kitu cha kweli, nami nimemfokea mbele za watu.

Nimetafuta kilicho changu. Nimekipata kimoja, alasiri ile tuliyoondoka, kwa sababu hiyo mama hajawahi kunisimulia hata siku moja. Nakumbuka moshi wa makuti. Nakumbuka wali tuliouacha mekoni haujaiva, na mkono wa mama ukiniziba mdomo, una harufu ya nazi.

Hayo naweza kuyaapia.

Kesho nitakwenda. Kwanza nitamwomba mama radhi, kisha nitatia udhu, nitashika msahafu na kuapa kwamba nilizaliwa kule na tulitolewa kwa bunduki. Afisa akiniuliza mipaka nitamwambia siijui. Je, atakubali? Naogopa hatakubali. Lakini waliotuchomea nyumba hawakutuuliza kwanza shamba letu linaishia wapi.