Nilimfuata Mama Koleta Mpaka Mkuyuni

Jumapili. Mvua imekatika mchana, lakini milima ya Uluguru bado imejifunika wingu mpaka kiunoni. Nimekaa dirishani hapa Mwembesongo, miguu inaniuma, na tope jekundu la njia ya Mkuyuni limekauka kwenye pindo la gauni langu la kanisani.

Nilifikiria nisiandike kabisa. Lakini nilipoanza blogu hii niliahidi kwamba sitaandika siku zangu nzuri peke yake, na leo si siku nzuri.

Wanaonisoma kwa muda mrefu wanajua kazi yangu. Siku za wiki nashona nguo. Jumamosi na Jumapili nahudumu sakristia ya parokia yetu, chumba cha kuandalia Misa. Nafua na kupiga pasi vitambaa vya altare, nahesabu hostia za Komunyo kabla ya Misa, nahakikisha tabernakulo zinamohifadhiwa imefungwa. Sikuwahi kuiona kazi hiyo kuwa ndogo. Nililelewa na bibi kule milimani, na bibi alitufundisha kwamba Mungu ni mtakatifu kwa namna ambayo hata ulimi wako unatakiwa kuogopa. Tulipopokea Komunyo ya kwanza alituambia tusiiguse kwa meno. Mpaka leo sithubutu.

Kwa hiyo nilipomwona Mama Koleta, damu ilinipanda.

Ilikuwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa sakristia, mahali ambapo naona foleni yote ya Komunyo. Mama Koleta ni mjane wa miaka sitini na kitu, anauza mboga za milimani sokoni, karoti na letusi na vitunguu vya majani. Mtu mkimya. Alipokea mkononi, akasema Amina, akageuka. Mkono wake haukwenda mdomoni. Uliingia ndani ya kanga.

Nilijiambia nimeona vibaya.

Jumapili iliyofuata nikamkazia macho. Mkono ukaingia ndani ya kanga.

Mtu wa kwetu akiona jambo kama hilo hafikirii mara mbili. Sote tumesikia maneno ya waganga wanaotafuta vitu vya kanisani, na kwamba hostia iliyowekwa wakfu ndiyo wanayoitafuta kuliko vyote. Nikauliza taratibu kwa majirani zake. Wakasema kila Jumapili, Misa ya kwanza ikiisha tu, Mama Koleta hapiti nyumbani. Anapanda gari la Mkuyuni. Jioni anarudi.

Mkuyuni kuna nini?

Hakuna aliyejua, na kutojua kwao kukawa kama ushahidi. Nilianza kukumbuka mambo. Mbona mboga zake hazilali? Mbona mwaka jana wenzake walihamishwa pale sokoni, yeye akabaki? Nasema ukweli, nilifikia kuzitazama karoti zake kwa wasiwasi.

Nilimweleza mwenyekiti wetu wa akina mama. Nikamwambia aiweke siri hiyo moyoni. Aliiweka moyoni siku mbili. Kufikia Ijumaa jumuiya yetu yote ilikuwa inanong'ona, na ibada ya jumuiya ilipofanyika hakuna aliyekaa kwenye mkeka mmoja na Mama Koleta. Alikaa peke yake, akasali rozari mpaka mwisho, akatuaga. Mimi niliuona upweke ule nikasema moyoni, ameanza kuumbuka.

Nilimwambia pia paroko, ambaye ana miezi michache tu tangu ahamie kwetu. Akasema, "Usimshtaki mtu kwa kitu ambacho hujakiona mwisho wake. Nitazungumza naye. Ukitaka kumwendea wewe kwanza, mwendee kama mdogo wake, usimwendee kama askari."

Nikasema, "Sawa, padre."

Leo nimemwendea kama askari.

Misa ya kwanza ilipoisha niliacha kalisi, kikombe cha divai ya Misa, mezani bila kuifuta, jambo ambalo sijalifanya hata siku moja, nikamlipa bodaboda anipeleke Mkuyuni nyuma ya gari alilopanda yeye. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Njia nzima nilikuwa nasali, na sala yangu ilikuwa moja: Mungu, nijalie nimkute mikono yake ikiwa ndani ya kosa.

Hiyo ndiyo sala niliyosali. Naiandika hapa ili nisije nikaisahau.

Mama Koleta alishuka sokoni Mkuyuni, akanunua mkungu mdogo wa ndizi, akashika kinjia cha kupanda kati ya migomba. Nilimwacha atangulie. Nilikuwa nimeshaiwasha kamera ya simu. Nilitaka picha. Nilijua hakuna atakayebisha nikiwa na picha.

Njia iliishia kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, uani kumefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana juu ya udongo wenye unyevu. Mzee mmoja wa kofia nyeupe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, ndoo ya maji miguuni pake. Mzee wa Kiislamu, mganga, nikajisemea. Moyo ulinidunda kwa namna ambayo sasa naiona ilikuwa furaha.

"Shikamoo, mzee," nilisema, nikiwa nimeificha simu nyuma ya mgongo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa? Karibu. Nawa mikono kwanza. Mwenzako ameshaingia."

Sikunawa. Nilipita. Niliingia na viatu vyangu vya tope, simu imeinuliwa mbele yangu.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kitandani alilala mwanamke aliyekonda sana, mkubwa kuliko Mama Koleta lakini sura ni ile ile. Pembeni ya kitanda palikuwa na stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe, mshumaa unawaka, na ua moja kwenye glasi. Mama Koleta alikuwa amepiga magoti bila viatu. Alikuwa amekifungua kitambaa kidogo juu ya stuli, na mimi, ninayepiga pasi korporale, kitambaa cha kuwekea hostia, kila Jumamosi, niliiona mikunjo yake iko sawasawa, miraba tisa, kimetiwa wanga, hakina doa. Katikati yake palikuwa na hostia.

Mgonjwa alifumbua macho akaniona. Akafikiri nimekuja kusali. Akatabasamu.

Mama Koleta aligeuka. Aliitazama simu kwanza, halafu miguu yangu, halafu uso wangu. Alirudi kwa dada yake, akainua hostia kwa vidole viwili, akasema, "Mwili wa Kristo." Mgonjwa akajibu Amina kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kanisani kwetu, na akaipokea bila kuigusa kwa meno. Nilijua kwa sababu nilikuwa namwangalia mdomo. Hata hapo nilikuwa bado namchunguza.

Kisha nikakaa chini sakafuni.

Walipomaliza kusali Mama Koleta alinitoa nje. Alisimama chini ya paa, kanga ameifunga kiunoni, na alizungumza bila kupandisha sauti.

"Huyu ni dada yangu Apolonia. Yule ni mumewe, Mzee Salehe. Wameishi pamoja miaka arobaini. Hawakufunga ndoa ya kanisa, hivyo miaka arobaini dada hajapokea. Alipougua nilimwendea katekista wa huku mara tatu. Kila mara jibu ni lile lile, aanze kwanza kunyoosha ndoa. Ataamkaje kitandani akanyooshe ndoa? Dada akaniambia, Koleta, sitaki kufa na njaa hii."

"Kwa nini hukumwambia padre mwenyewe?" nilimwuliza.

"Nilimwogopa," alisema. "Ninyi mnaokaa mlangoni mnamfanya aogopeke."

Nikaizima kamera ya simu.

"Na ujue jambo jingine," aliendelea. "Padre ananipa moja. Sijaiba ya pili. Ile ya kwangu ndiyo namletea yeye. Mimi sijapokea tangu Kwaresima."

Najua ninavyojisikia nikikosa Komunyo Jumapili moja tu kwa sababu ya homa. Yeye alisimama kwenye foleni wiki baada ya wiki, akaishika mkononi, akajinyima.

Mzee Salehe alituletea chai. Nilimwomba radhi kwa tope nililoingia nalo ndani. Alisema limeshafutwa. Kumbe tulipokuwa tunazungumza yeye alikuwa amepiga magoti na kitambaa, anafuta nyayo zangu.

"Jumapili nafagia tangu alfajiri," aliniambia. "Mimi si wa dini yenu, na yanayosemwa pale sijui maana yake yote. Lakini Apolonia akisema leo Mungu anakuja kumwona, mimi ni mwenye nyumba. Nyumba iwe chafu?"

Nikakiweka kikombe chini.

Sasa niko kwangu na najaribu kufikiri kama mtu mzima. Sitaki kujidanganya kwamba Mama Koleta hakukosea. Alikosea. Mwili wa Bwana hauchukuliwi namna ile, na taratibu za Kanisa hazikuwekwa bure. Paroko alisema hivyo hivyo nilipomkimbilia saa tisa na kumsimulia yote, na alisema kwa uchungu. Halafu aliinamisha kichwa akasema, "Lakini huyo mgonjwa ilikuwa kazi yangu kumfikia, si kazi ya muuza mboga." Jumanne anakwenda mwenyewe Mkuyuni, kumsikiliza Apolonia, kumpaka mafuta, na kukaa na Mzee Salehe waone jambo la ndoa. Anasema si gumu kama lilivyofanywa lionekane. Ameniomba nitangulize ujumbe kwa Mama Koleta, asibebe tena, na asiogope.

Kinachonisumbua ni mimi.

Miaka yote nilidhani kuamini utakatifu wa Mungu ni kuulinda. Nilimwona Mungu kama kitambaa cheupe ambacho kila mkono unaopita karibu unaweza kukichafua, na mimi nimewekwa niwe mkali kwa mikono ya watu. Leo nimejiuliza swali ambalo bibi hakuniruhusu kuuliza: hivi Mungu anachafuka? Yule mwanamke wa Injili aliyevuja damu miaka kumi na miwili aligusa pindo la vazi. Aliyebadilika ni nani kati ya wale wawili? Kama Mungu ni mtakatifu kweli, basi akiingia kwenye nyumba isiyonyooka, nyumba ndiyo inayopaswa kuogopa kunyooshwa. Yeye haogopi.

Na bado hofu ya bibi haikuwa uongo. Pale nyumbani kulikuwa na watu watatu walioogopa kwa haki. Mmoja alijivua viatu, mmoja hakuigusa hostia kwa meno, mmoja alifagia ua. Asiyeogopa nilikuwa mimi, mtunza sakristia, niliyemwendea Mungu na tope miguuni nikitafuta picha.

Hata majuto haya nayashuku. Je, najuta kwa sababu nimemkosea Mama Koleta, au kwa sababu ameniona? Nimejiuliza tangu saa tisa. Sina jibu safi.

Jioni hii nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama. Nimesema niliyoyasema juu ya Mama Koleta hayakuwa kweli, hakuna mganga, kuna mgonjwa, na kwamba kosa la kusambaza ni langu. Sikutaja mambo ya ndoa ya watu. Nilidhani watafurahi. Wa kwanza kujibu aliuliza, "Huko Mkuyuni wamekunywesha nini?" Wa pili akasema sauti yangu imebadilika. Mwenyekiti ameandika kwamba pengine nipumzike kidogo sakristia, mpaka mambo yaeleweke.

Nimeisoma mara nyingi. Kumbe hivi ndivyo mkeka unavyokuwa ukikaa peke yako.

Sijawajibu. Maneno yale niliyapanda mimi, na yameota vizuri.

Nilipompigia Mama Koleta kumpa ujumbe wa paroko alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nimesikia. Mwambie padre asante." Nikamwambia nisamehe, mama. Nikasikia kuku wanaingia bandani kwake. Kisha akasema, "Nitakusamehe. Bado sijafika huko," akakata.

Namheshimu kwa kutonidanganya.

Kesho soko likifunguliwa nitakwenda pale kwenye meza yake, wakati akina mama wote wa jumuiya wanapitia mahitaji yao, na nitamwamkia mbele yao kwa sauti ya kusikika. Nitanunua karoti na nitazipika. Ataitikia au hataitikia, hilo ni lake. Mimi nitasimama pale mpaka wote wawe wameniona.