Mapine ya Seize ku Gari ya Treize

Mavivi, ku Beni

Yaya Masika,

Mimi mudogo wako Paluku, myaka makumi saba na tisa, ninakuandikia na mukono yangu mwenyewe, hapana ya mutu mwingine. Nimepita mabwana batatu benye nilibaendeshea gari, bote bamelala, mimi ningali ninatembea. Nimepita feza ya zaire. Nimepita Ebola kule Mangina, wakati ilibeba nyumba ya kuume na nyumba ya kushoto, ikaniacha katikati. Nimepita bibi yangu na batoto babili. Donc, basi, ukisikia mujukuu anasoma na anakwama-kwama, usifikiri mudogo wako amekwisha. Meza njo imepinda.

Yambo sana, Yaya. Mwili namna gani? Kifua namna gani? Baridi ya Lubero haikuingie ku mifupa? Bakuwekee makaa karibu, lakini hapana moshi, moshi ulikuwa unakukataa tangu utoto. Jibu ninajua, juu mujukuu wako Kavira alinipigia mbele réseau ya simu ya kule ikatike. Alisema uji kijiko moja unaingia, kijiko moja unarudi. Lakini barua ni barua, lazima mutu aulize.

Na neno yako nilipata. Kavira alinisemea hivi: «Sokulu, babu, Yaya wako anasema ukuye umuonyeshe fasi mama yenu alilala. Anataka kulala pembeni yake, na hakuna mutu anajua tena.» Ni kweli, hakuna. Wakati mama alikufa, weye ulikuwa umeolewa mbali, na mutoto wa maziwa ku mugongo, mvua ilikuwa imekata njia. Musalaba ya miti ililiwa na muchwa. Kiisha shamba ililimwa na kulimwa tena. Mimi njo ninajua, mimi peke yangu. Nikajibu Kavira: mwambie nakuya, na nakuya na gari yangu.

Gari hii hukuiona. Bwana wangu wa mwisho, ule wa kahawa, aliniachia ile siku alienda Kampala bila kurudi. Ni gari ya mbio, nyekundu, milango mbili, chini sana, kuku akisimama unamuona sawa mutu mukubwa. Batoto ya hapa banaiita Sabuni, juu imelika pande zote sawa sabuni ya mwisho wa mwezi. Bacheke. Hakuna mutu mwingine ku Beni muzima mwenye kuwa na ya vile, na hakuna mwenye angeweza kuiendesha. Na sikia hii, Yaya: ku kiti yake mutu hakaake, mutu analalaka. Miguu inanyooka mbele sawa uko ku kitanda. Nyonga yangu ya kuume haijikunje tena, tangu mwaka jana. Taxi banapakia batu bane nyuma, siwezi. Pikipiki, siwezi. Ku Sabuni peke njo ninaweza kufika Lubero nikiwa mutu, hapana muzigo.

Shida ilikuwa mapine. Yalikuwa yamekwisha, kamba za ndani zinaonekana.

Huku ule anazibaka mapine ku barabara banamuita kwado, na kwado yetu ni mwanamuke. Ni Mama Bolingo, bibi ya soda moja, askari wa jeshi, sergent, benye balitoka jimbo ya Équateur. Kinywa yake ni kali kushinda koleo yake. Alizunguka gari, akapiga pine teke, akasema:

«Papa Paluku, hii hapana pine tena. Ni babouche, ndara ya kuogea.»

Akachuchumaa, akapangusa udongo ku mbavu ya pine, akanisomea numero sawa mimi ni mutoto wa primaire: cent quatre-vingt-cinq, soixante, treize. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni kimo ya mbavu, na kimo hiyo haipimwe na santimetre, ni sehemu ya upana. Ya tatu, treize, kumi na tatu, ni tundu, fasi jante, ile chuma ya katikati, inaingia. Akasema upana unaweza kubadilisha kidogo, kimo unaweza kubadilisha kidogo, tundu hapana. Yote hiyo nilijua mbele mama yake azaliwe, lakini nilimuacha aseme, anapendaka kusema.

Mapine ya ile numero haiko Beni, haiko Butembo. Ingetoka Kampala, na bei yake ungeuza gari kwanza. Mama Bolingo akanishauri nitwae ile ya mataxi ya zamani, cent septante-cinq, septante, treize. Hiyo ku Butembo iko mingi, ya occasion, yenye imetumika kidogo, na bei ya mutu. Ni nyembamba kidogo, mbavu yake inapanda kidogo, donc gari itainuka, na ku mashimo ni faida. Itasugua ku garde-boue, bati ya juu ya pine, ukikata kona yote. «Basi usikate kona yote,» akasema, «Lubero iko mbele, hapana pembeni.»

Nikakataa. Nikamwambia siwezi kuvalisha bwana-harusi viatu vya mubeba-mizigo.

«Basi bwana-harusi aende miguu wazi,» akanijibu, akarudia ku chambre à air, mupira ya ndani yenye alikuwa anaziba.

Nilikaa na kukataa kwangu, unanijua. Kiisha Kavira akapiga simu ya ule uji. Nikaenda kwa Mama Bolingo nikamwambia nimefikiri mwenyewe na nimeona mapine ya taxi inafaa. Akasema akili yangu ni kubwa. Sijui kama alikuwa ananicheka.

Nikapanda ku kichuguu, fasi réseau inakamataka, nikapigia Kasereka, mutoto wa ndugu yetu marehemu, ule anaendeshaka camion ku Butembo. Nikamutajia numero. Hewa ilikuwa inakata-kata. Akasema: «Baba mukubwa, sema kwa Kiswahili, sikusikie muzuri.» Nikamujibu kwamba mimi nilisomea kwa bamisionere, na numero ya pine inasemwaka kwa Français tangu pine ya kwanza. Nikasema treize. Nikarudia treize na nguvu, ata batu ya ngambo ya barabara balitoka inje kuangalia. Akajibu neno yenye ilifanana na yangu, nikakata simu.

Mimi nilisema treize, Yaya. Kinywa yangu haina kosa.

Mapine ikafika ku camion ya mafuta ya ngazi, ya mawese, yote ine, meno yangali yote, nyeusi, inanuka vizuri. Nikabiringisha moja mimi mwenyewe mpaka ku kiwanja, nikaikalia. Jirani bakakuya. Nikabanunulia kasiksi, pombe ya ndizi, nikabaambia kesho kutwa nitakuwa Lubero ninakunywa uji na Yaya wangu, na kijiko yake haitarudi tena akiniona. Ata ule mwalimu wa kutoka Kasaï, mwenye kunichekaka kila siku, alisema kweli muzee ni dereva.

Mama Bolingo akakuya na koleo yake. Akatwaa pine moja, akaiweka juu ya jante. Ikapita, ikaanguka chini, jante ikabaki katikati sawa kidole ya mutoto ku pete ya baba. Ule mwanamuke anachekaka ata ku maziko. Siku ile hakucheka, njo vile nilijua. Akainama, akasoma ku mbavu, kiisha akakaa chini na akasema polepole:

«Papa, hii ni seize. Kumi na sita.»

Mwalimu aliweka kikombe yake chini, akaenda. Kasereka alikuwa ametafuta muzuri, maskini. Septante ya seize hakupata, akatwaa quatre-vingts, yenye mbavu inapanda zaidi, ya jeep ndogo, akifikiri baba mukubwa atafurahi sababu njia ni mubaya. Alinichagulia na roho yake yote mapine yenye haiwezi kuingia ku gari yangu ata ungeomba rosari.

Ungesema: irudishe. Ile camion ilitoka Butembo salama, lakini nyuma yake batu ya pori benye bunduki bakachoma magari ku barabara, na sasa magari inapita na basoda tu, siku yenye banataka. Camion ya Kasereka haikuye tena huku. Muuzaji alimwambia kitu ikitoka ku magazini yake hairudi. Mama Bolingo akatafuta jante za seize Beni muzima. Akapata, matundu ya vis, ya skrubu, haikuingiliana, na ata ingeingia, pine ingekamata ku garde-boue.

Usifikiri nilikaa tu na mikono ku magoti. Nilimwambia anirudishie zile babouche. Akakataa, nikapiga kelele, akanirudishia. Asubui nikatoka, nikapita kiwanja ya ndege, gari ikilia muzuri sana, ungesikia. Mbele ya barrière ya basoda pine ikapasuka, nikaenda mbele, ya pili ikapasuka. Basoda ndio balisukuma gari mpaka nyumbani, mimi ndani nikishika usukani, batu ku barabara banafikiri ni mukubwa fulani anasindikizwa. Kiisha nikajaribu pikipiki. Mutoto wa pikipiki alinifunga na kamba ku mugongo yake sawa gunia ya kakao. Hatukupita ata soko. Nyonga ililia, mimi nilianguka upande moja na yeye upande ingine, balinirudisha juu ya kitoroli. Nikaenda kwa sergent mwenyewe, bwana ya Mama Bolingo, juu kundi yake inatumwa huko kwenu. Nikaomba anipakie ku camion yao. Akavua kofia, akasema: «Muzee, vita iko kule, batu bote banatoka kule na magodoro ku kichwa. Ni sisi tu tunaendaka kule, na sisi hatujue kama tutarudi. Civil, raia, hapandi.» Alisema na heshima. Nikamwambia basi beba karatasi. Karatasi akakubali.

Sabuni iko juu ya mawe. Kuku banataga mayai chini yake.

Yaya, sitafika. Nimeandika neno hii, nikatoka inje, nikarudi, na ningali ninaiona hapa. Sitafika.

Donc sikia, na mutoto mwenye kusoma asome polepole, na batu ya jembe basimame karibu. Sikutaka kusema hii ku simu. Mapine ipotee ku hewa, haina neno, kaburi ya mama hapana.

Mushuke ku shamba ya viazi ya chini, fasi kisima iko. Mufuate mufereji kupanda, mpaka fasi unapinda. Pale iko jiwe kubwa sawa mugongo ya ngombe. Batu bote banafikiri mama iko ku jiwe, ata marehemu ndugu yetu alikuwa anaomba pale. Hapana. Tulijaribu kuchimba pale, jembe ikakataa. Tulishuka kidogo, upande wa kanisa, fasi udongo ni mweusi. Kila mwaka majani ya viazi inakuwaka marefu pale, mutazame.

Mimi sikuwa na imani na musalaba ya miti. Baba alikuwa ametuachia ile baisikeli yenye ilipinda. Nikatoa jante ya nyuma, nikaizika ya kulala, chini kidogo ya udongo, upande wa kichwa ya mama. Muchwa hawakule chuma. Ni jante ya makumi mbili na munane. Ninaiandika kwa Kiswahili, makumi mbili na munane, hakuna mutu asikie ingine. Jembe ikigonga chuma, basimame. Basichimbe tena pale. Bahesabie kutoka pale, ku mukono ya kuume ya mama, fasi ya mutu moja. Ile njo fasi yako. Nilikuwa nimejiwekea mimi mwenyewe, lakini twaa.

Unisalimie Kavira mwenye kukupikia uji, Mungu Nyamuhanga amuone. Unisalimie Mukamwana wako, ule mwenye sauti kubwa, na catéchiste, bwana yake. Unisalimie Muzee Kakule wa ngombe za misioni kama angali. Na batoto bote benye hawanijue, baambie babu yao aliendesha gari mpaka Kisangani.

Kama mutu wa familia anasema Paluku anaongopa juu ya mapine, aulize huyu sergent mwenye kuleta karatasi, na bibi yake Mama Bolingo ku barabara ya Mavivi, baliona yote. Lakini juu ya kaburi, hakuna wa kuuliza. Bale tulichimba nabo siku ile bote bamekufa, mimi njo wa mwisho. Weye utafika kwa mama mbele yangu, Yaya. Muulize yeye.

Ni mimi mudogo wako,
Paluku, dereva