Karai la Mwisho la Jumamosi

Malagarasi, kambi ya chumvi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Nasikia huko Usoke mmeanza vitalu vya tumbaku. Usiiname kutwa nzima. Sisi wazima. Mihayo ameota meno mawili na ananing'ata bila huruma. Baba yake yuko porini anachanja kuni, amesema nikusalimie sana.

Naandika kwa sababu kwenye simu unaweka sauti kubwa, na jirani ananijibu kabla yako. Haya ni yetu wawili.

Mama, mwezi wa saba ulipokuja ukamkuta Kabula anaharisha, midomo imepasuka, ulimbeba uende naye kwako, ukasema mbele ya watu kwamba nimechagua chumvi nikaacha mtoto. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila juzi Kabula mwenyewe ameniambia kwenye simu, "Mama, wewe unapenda chumvi kuliko mimi." Mtoto wa miaka sita hakulitoa hilo kichwani mwake.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Unakumbuka tunavyopika chumvi: tunachota maji ya chemchemi, tunachemsha kwenye makarai, chumvi ikituama yanabaki maji machungu. Zamani tulimwaga popote, yakateremkia mtoni. Kiangazi mto ukipungua, hata chai ilikuwa hainyweki, na wenye mpunga huko chini majaruba yao yakawa meupe pembezoni. Ndipo serikali ikaleta watu wa maji. Wakachimba bwawa juu kilimani, wakalitandika nailoni nyeusi, wakasema maji machungu yote yapelekwe huko yakauke. Kupanda na ndoo kichwani na Mihayo mgongoni, mama, nilikuwa nasinzia huku natembea.

Msimamizi wao ni binti wa rika langu, tunamwita Dada Maji. Kila asubuhi anatumbukiza kipimo cha chumvi mtoni. Kikashuka vizuri, tukafurahi, tukarudi kuchota ya kunywa humo humo. Lakini kila Jumapili kinapanda. Mwezi uliopita akatuita.

"Mama zangu, nani anamwaga mtoni?"

"Hakuna," tukasema wote, bila kupepesa macho.

"Kipimo kinasema yupo."

"Basi kimelewa," akasema Bi Zuhura, mkubwa wetu kwenye makarai. "Jumamosi kimepitia pombeni." Tukacheka mpaka Dada Maji naye akacheka.

Na wala hatukudanganya. Wapika chumvi wa hapa, karai la mwisho la Jumamosi hawalipakui. Kila mmoja analipeleka lake mtoni, anamimina chumvi na maji yake yote, anaushukuru mto. Bi Zuhura alifundishwa na bibi yake, ambaye watu wake waliwauzia chumvi wapagazi wa misafara ya kwenda Unyanyembe. Kwetu ile ilikuwa shukrani. Hakuna aliyewaza kwamba na yenyewe inaingia kwenye kipimo.

Ilinijia namwogesha Mihayo. Kabula alianza kuugua Jumapili. Asubuhi ile nilimchotea maji ya kunywa chini kidogo ya pale tulipomimina jana yake. Mama, nilimimina kwa mikono yangu, nikachota kwa mikono yangu.

Nikaenda kumwambia Dada Maji, wenzangu wote wakisikia. Bi Zuhura akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mtu wa kuja. Umetuuza." Wiki mbili hakuna aliyenipa hata kaa la moto.

Dada Maji hakutukemea. Alimuuliza tu Bi Zuhura kama mto ungekubali kushukuriwa kwa mdomo.

"Mto si mjinga," Bi Zuhura akamjibu, akaondoka.

Lakini Jumamosi iliyofuata nilimwona anapanda kilimani na karai lake, pole pole, anagombana peke yake njia nzima. Tukamfuata. Tangu hapo Jumapili kipimo hakijapanda.

Sikufichi, mto bado una ladha, na wenye mpunga wanasema wataamini wakivuna. Mimi mtoni sichoti tena ya kunywa. Tumechimbiwa kisima huko juu, mbali na chemchemi na bwawa. Mihayo anakunywa ya hapo na tumbo lake ni zima.

Kwa hiyo nasema kwa heshima yote: shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili, nakuja kumchukua mwanangu. Usimkabidhi mtu kwenye treni, nitakuja mwenyewe. Asante kwa kumlea, mama, sitasahau. Ila kuanzia leo lile neno la chumvi lisisemwe tena masikioni mwake. Ukitaka kugomba, nigombe mimi. Makosa yangu nimeshakuandikia, na yeye nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi anayenisukia mikeka, na mama mkwe ukimwona kanisani. Mwambie mjukuu wa kiume amechukua masikio yake.

Nitakapofika, Kabula akisita mlangoni, usimsukume, wala usimshike. Muache tu. Nitakaa chini hapo uani mpaka aje mwenyewe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nyamizi