Mwambie Mama Nimesikia

Singida Mjini,
Agosti, 1998

Kwako dada Asnath,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiipokea umesimama utaichana kabla hujafika mstari wa pili. Mimi mdogo wako ni mzima wa kula na kutembea, mengine utayaona huko mbele. Shemeji Michael nampa shikamoo yake. Pendo naye mwambie mjomba hajasahau daftari zake.

Barua yako ya mwisho nimeipata kwa mkono wa kondakta, nikaisoma kwenye ngazi za jumba la sinema, kisha nikaisoma tena. Umesema mama alipozidiwa aliniita kwa kinywa chake, kwenye kaseti uliyonitumia, nami nikakaa huku bila kuja. Umesema tangazo la kifo lilisomwa redioni na jina langu likatajwa miongoni mwa wafiwa, nikakaa. Umesema watu wa huku walinipa pole, nami nikawajibu nimeshapoa, huku natabasamu, kama mtu aliyefiwa na kuku. Umesema wazee wa ukoo wamekataa nisikanyage kaburini. Halafu ukamalizia na lile neno la mama tangu utoto wetu, alilokuwa akilisema kila gari la sinema la serikali lilipofika Nduguti nikagoma kurudi nyumbani: Shukuru hasikii.

Sikatai hata moja. Lakini kabla hujaikunja barua hii, nivumilie nikueleze habari za kazi yangu. Najua mfiwa hahitaji habari za mashine. Hizi zinahusu msiba wetu, utaona.

Zamani sauti ya filamu ilikuwa mstari mmoja mwembamba pembeni mwa picha. Taa inaumulika, mashine inaugeuza kuwa maneno na muziki. Kuurekebisha ilikuwa kazi ya sikio. Ukizungusha skrubu kuzidi upande huu, unasikia matundu ya mkanda yakinguruma. Ukizidi upande ule, picha zenyewe zinagonga. Ukipata katikati, mtu anaongea kama yuko chumbani kwako. Kwa kazi hiyo nilisifiwa mji mzima. Mzee Alute aliyekuwa na duka la redio alizoea kuja kuniazima masikio, akiwa na spika ya kujaribu.

Biashara huria ilipofika, jumba la sinema la shirika la umma likauzwa, akalinunua Mzee Melkiori, yule wa vitunguu. Vibanda vya video vilikuwa vinamlia wateja, kwa hiyo akaleta kutoka Nairobi kisoma sauti cha kidijitali, kilichotumika huko mpaka kikachokwa. Kilifika mwaka ule niliotoka kwenye sindano za kifua kikuu. Kinakaa juu ya projekta, na taa yake nyekundu inamulika vidoa vidogo kuliko ulezi, vilivyochapwa kati ya tundu na tundu la mkanda. Sauti yote imo humo.

Fundi aliyekuja kukifunga, Ignas wa Dar es Salaam, alinionyesha kisanduku chenye namba. Namba ikiwa ndogo, sauti inasomeka sawasawa. Ikipanda, safisha lenzi kwa pamba na spiriti, futa vumbi kwenye roli zinazopitisha mkanda, sogeza skrubu kidogo kidogo mpaka namba ishuke. Ikipanda kupita kiasi, kisoma sauti kinajitoa chenyewe na kuurudia ule mstari wa zamani, ili ukumbi usikae kimya. Nikamwuliza nitajuaje kama sauti ni nzuri. Akaniambia neno nililolishika kama sala: “Huyu hahitaji sikio lako. Anataka jicho tu.”

Dada, siku hiyo nilimshukuru Mungu mpaka nikaona haya.

Nilikitunza kisoma sauti kile kama mzazi anavyomtunza mtoto njiti. Unaujua upepo wa Singida na vumbi lake. Kila asubuhi nilikifungua na kukifuta, na kabla ya kila onyesho nilipitisha kipande cha mkanda wa majaribio, jicho kwenye namba. Mzee Melkiori alijigamba kwa wenzake kwamba hata Arusha hawana sauti kama yake. Mimi nilisema asante, mzee.

Jumamosi niliyopata barua yako niliingia kazini vivyo hivyo. Ilikuwa filamu ya Kihindi na ukumbi ulijaa. Machozi hayakunipa nafasi ya kuitazama namba. Vumbi likaziba lenzi, kisoma sauti kikajitoa, ukarudi ule mstari wa zamani, ambao nilikuwa sijaugusa tangu sindano. Kumbe skrubu yake ilishalegea. Ukumbi ukawa mngurumo mtupu. Watu walipiga viti na kurusha chupa, nami nimeketi kitini pangu naitazama picha. Haya aliniandikia baadaye Febronia, anayekata tiketi, nyuma ya tiketi zilizobaki. Mzee Melkiori alipanda, akasimama nyuma yangu, akaniita, akaniita tena. Mwishowe akanishika bega. Niligeuka, nikaona mdomo unatembea, nikajibu kama ninavyojibu siku zote: “Nimesikia, mzee.”

Alinitazama sana. Kisha akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe, na kazi yangu ikaishia hapo.

Dada yangu, neno uliloandika ni kweli tupu. Shukuru hasikii. Sindano ziliponya kifua zikaondoka na masikio. Kwanza yalilia kama nyenje wa masika, mchana kutwa, halafu nyenje nao wakanyamaza. Daktari alisema hutokea, na hayarudi. Sikumwambia mtu. Nani angemweka kiziwi kuwa fundi wa sauti? Nikajifunza kusoma midomo, na nilipokwama niliitikia kwa kichwa. Watu wakasema nina maringo, nami nikaona heri maringo.

Kaseti ilipokuja, nilidhani ni zile salamu za mama za alizeti na mvua, kama alizonitumia miaka ya nyuma. Niliiweka kwenye redio, nikabandika kiganja juu ya spika. Sauti ya mama ilinitekenya vidole, kisha ikakatika, ikatekenya tena. Nilidhani anacheka. Sasa najua alikuwa anahema. Ningeweza kumpa jirani asikilize, lakini ningejitangaza, na hukuwa umeandika hata mstari wa kunishtua. Nikanunua sukari na khanga, nikamkabidhi kondakta na kikaratasi, nawe ulikisoma: Mwambie mama nimesikia.

Sijui kama mlimwambia. Nasali mlisahau.

Redio ilitangaza nami nimeegemea ukuta wa duka la Alute, ninakula karanga. Febronia alinishika mkono akasema pole, nilimwona vizuri mdomo wake. Nilikuwa nimetoka kubeba mikebe ya filamu, jasho linanitoka, nikadhani ni pole ya kazi. Nikamwambia nimeshapoa. Nikamtania kwamba leo ana huruma. Hayo ndiyo yaliyowafikia, na hayakuongezwa chumvi. Kifo cha mama nimekijua kwa barua yako.

Msamaha wa ukoo siombi. Ninaomba kitu kimoja kwako. Wewe ndiye uliyemshikia mama redio ya kurekodia, kwa hiyo maneno yake unayo. Nitakuja Jumapili, na kaseti nitakuwa nayo mfukoni. Kaburini usinipeleke kama wamekataa. Toa kigoda nje penye mwanga, ukae tunatazamana, unisemee alivyosema mama, kwa Kinyiramba chake, taratibu, bila kufunika mdomo kwa kitenge. Mdomo wako ni wa mama, dada, kila mtu husema. Hata kama alinilaani, usiruke neno.

Wasalimie wote watakaokubali salamu zangu. Na kama hutaki kuniona, usinijibu kutoka ndani, sitajua. Acha tu mlango umefungwa, nami nitaelewa.

Ndimi mdogo wako,
Shukuru