Jina la Ukasha katika Kumbukumbu ya Awadhi Mhina

Mwaka umezunguka, Awadhi, tangu ulipotoka hapa Mnyuzi na begi lako la kuzamia, ukamwambia mama yako asinunue kitoweo maana utaleta wewe. Siku ya pili ulirudi umefunikwa shuka nyuma ya pikapu ya kukodi. Pembeni yako alikaa shemeji yako Ukasha, na miguuni pake palikuwa na ndoo ya samaki kwenye barafu.

Tunakukumbuka kwa mengi, na mengine bado yanatuchekesha. Kupumzika ulikuwa hukujui. Wenzako walipotoka shambani, wewe ulibaki kumalizia mstari, na mstari ukazaa mwingine. Mahindi yako yakishapaliliwa uliingia shambani kwa mjane wa jirani, ukampalilia na yeye bila kuombwa. Mkeo Zuena alikupakulia, akafunika sahani, akajua kwamba chakula cha moto si fungu lako.

Bahari uliijua ukubwani, ulipokuwa kibarua wa mkonge kule Kigombe. Wavuvi walikufundisha kuzama bila mtungi wa hewa, kwa pumzi zako tu, mkuki mkononi, hadi kwenye mwamba wanakojificha chewa na pono. Ulipomwoa Zuena ukamfundisha kaka yake Ukasha, fundi wa kuchomelea wa Handeni, naye akawatengenezea mikuki ya nondo. Kila baada ya mavuno mliondoka wawili. Watu walicheka, Mzigua na bahari wapi na wapi! Uliwajibu kwamba samaki hamuulizi mtu kabila lake.

Ulipokufa, Awadhi, hatukulia tu. Tulishuku, na tulishuku kwa sauti kubwa, ndiyo maana tunaandika haya wazi.

Alianza mzee Mwinjuma, aliyekuosha. Mwosha husitiri anayoyaona, lakini yeye alitoka mle ndani akanong'ona, "Nimembonyeza tumbo, halikutoa maji. Hata tone." Sisi ni watu wa mtoni. Tumeopoa watu katika mto Pangani, tunajua aliyekufa maji anavyovimba na anavyotapika akilazwa. Wewe ulirudi tumbo bapa, mdomo umefumba, uso kama wa mtu aliyelala kidogo. Daktari alisema umekufa maji. Tukasema daktari hamjui Ukasha.

Basi macho yote yakamwangukia yeye. Iweje samaki wapone, apotee mtu? Mbona hakai mkekani na wanaume wenzake? Kila alipoulizwa alisema neno moja tu, "Niligeuka," akanyamaza. Samaki wale hakuna aliyewagusa. Paka wa Mnyuzi walikula chewa siku hiyo, wakatushangaa sisi tusiokula. Baada ya arobaini yako zikaja habari kutoka Handeni kwamba Ukasha ameikata mikuki yote vipande vipande. Mama yako, Bi Husna, akasema, "Anaficha. Mwenye mkono safi hakati kitu." Nasi lisemwalo lipo, kama halipo laja, tukalibeba neno lake hadi gulioni.

Aliyeumia kuliko wote ni Zuena. Huku mumewe, kule kaka yake wa tumbo moja. Hakumtetea. Alimshuku kutuzidi sisi, kwa kuwa alimjua tangu utotoni kwamba Ukasha akikosa hunyamaza. Akichambua mchele aliwaza, labda waligombania samaki. Akifua aliwaza, labda kulikuwa na jambo la zamani nisilolijua. Alipompigia simu, kaka yake alipokea, wakasikilizana wanavyopumua, kisha mmoja akakata. Mwanao Ikram akakatazwa kwenda kwa mjomba wake.

Mwaka ulipokaribia tukakaa kuandaa dua na tangazo hili, tukafika kwenye majina ya wanaokukumbuka. Bi Husna akasema, "La Ukasha likiingia, langu litoke."

Zuena akaweka ungo chini. "Basi twende tukamuulize, mama. Akikiri, jina lake nitalifuta mimi mwenyewe, na kwetu Handeni sitakanyaga tena."

Walimkuta karakana, anachomelea dirisha. Alivua miwani, akapiga goti. "Shikamoo mama." Bi Husna hakuitikia. Alivuta kigoda akakaa, uso ameuelekeza barabarani.

"Kaka, leo hatukuja kunywa chai," Zuena alisema. "Mume wangu ulimfanya nini?"

"Nilishasema. Niligeuka."

"Uligeuka ukaenda wapi? Mbona hakuwa na maji tumboni?"

Ukasha alikaa chini kwenye vumbi la chuma. "Tulikuwa na utaratibu wetu," alisema. "Mmoja akizama, mwenzake anabaki juu, uso majini, anamtazama. Akitoka, humwondolei macho mpaka avute pumzi na kusema yuko sawa. Kisha anapumzika, zamu inakuwa ya mwenzake. Awadhi alitoka na chewa mkubwa, anacheka. Akasema yuko sawa. Akanipa yule chewa nimpelekee mwenye mtumbwi aliyetupeleka. Nikageuka. Kutazama tena, hayupo."

"Alikwenda wapi?"

"Alirudi chini, mdogo wangu. Hakupumzika. Palikuwa na chewa wa pili. Nilimkuta amekaribia kabisa kufika juu, amelegea, meno yamebana. Hakunywa maji. Pumzi zilimwishia akipanda, akazimia mdomo umefumba. Nilimpulizia mpaka midomo yangu ikachanika."

"Na hukusema! Mwaka mzima, kaka!"

"Ningesema nini mkekani? Marehemu hasemwi vibaya. Nisimame mbele ya Ikram niseme baba yake kafa kwa pupa? Niliona heri mniseme mimi. Mikuki niliikata nisije nikarudi kule."

Zuena hakulainika. Mwaka unatosha kwa mtu kutunga hadithi na kuipiga msasa. Alikuwa anataka kumuuliza mwenye mtumbwi anapatikana wapi, mama yako alipogeuka kwenye kigoda chake.

"Huyo ndiye mwanangu," Bi Husna alisema. "Mtoni alikuwa hivyo hivyo. Namwita atoke, anatoka, anacheka. Nikiinama kuokota nguo zake, keshaingia tena. Nilimchapa kwa hilo mpaka nikachoka." Akajifunika uso kwa kanga. "Mimi niligeuka mara ngapi, Ukasha? Mara ngapi, na Mungu akanirudishia?"

Hapo ndipo Ukasha alipolia, kilio cha mwaka mzima, mpaka fundi wa jirani akaja kutazama nani kafa. Bi Husna alimshika kichwa. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Zuena, mkeo unamjua, kushuku kulishamzoea. Kesho yake alimtafuta mwenye mtumbwi kwa simu, naye akasimulia yale yale, hata kicheko chako. Ndipo akakaa uani akalia, na safari hii alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa yako wewe. Mzee Mwinjuma tulipomweleza alisema yeye alitaja maji tu, hakutaja mtu. Tumemkumbusha kwamba mwosha huoshwa.

Tulimsema Ukasha hadharani, na hadharani tunamwomba radhi. Tumeyaandika ya kwako pia, Awadhi, tukijua marehemu hasemwi vibaya, kwa sababu yupo aliye hai aliyekuwa akioza badala yako. Utatusamehe. Ungekuwapo ungeyasimulia wewe mwenyewe, na kuyatia chumvi.

Dua itasomwa nyumbani kwa mama, Mnyuzi, Ijumaa baada ya sala. Unakumbukwa na mama yako Bi Husna, shemeji yako Ukasha, ambaye mama ameagiza asiandikwe mwisho kama mgeni, mkeo Zuena, mwanao Ikram, na ukoo wote wa Mhina, Mnyuzi na Handeni. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatujakusahau, wala hatutakusahau maisha yetu yote.

Chewa mmoja alitutosha, Awadhi.